Waya Uliozungushwa Kushoto

Niliifungua mikrofoni ile kongwe ndani ya chumba cha kurekodia, chenye mlango unaofunguliwa kwa nje tu. Nyuma ya kioo walikaa baba na baba mdogo, wasiosalimiana tangu wagombane kuhusu nani aliiunda. Fundi waliyemkubali wote wawili aamue ni mimi.

Waya wa ndani, mwembamba kama unywele, ulikuwa umezungushwa kuelekea kushoto. Baba huzungusha kulia. Baba mdogo hutumia mkono wa kushoto.

“Sema, mama,” baba aliniambia kwenye hedifoni. “Kazi ya nani hiyo?”

Nikachukua kifuniko. Nikikirudisha, hakuna atakayejua. Nikashusha pumzi.

Nilisahau kuwa mikrofoni ya kuwajibia walio nyuma ya kioo ilikuwa wazi. Ng’ambo ya kioo mshale wa kupima sauti ukaruka, na baba akavua hedifoni yake taratibu, kama aliyekwisha kujibiwa.