Mkanda wa Shebe

Katika jengo lao kila nyumba ilikuwa na kipimo chake cha sauti kwa siku, na kikiisha, umeme unakatwa mpaka kesho yake. Kipimo cha Salha kilikuwa kinamalizwa na paka wake, Shebe. Kila siku alilia tangu alfajiri, sahani imejaa, na kufika adhuhuri feni zimeshazima, mama yake Salha, Bi Zuwena, anatota jasho kitandani.

Daktari wa mifugo alimpima paka, akasema hana njaa wala ugonjwa. "Amezeeka, hasikii vizuri. Anaita ajue kama kuna mtu."

Salha alielewa. Hata hivyo alimvalisha mkanda wa shingoni unaomeza sauti, akajiambia anafanya hivyo kwa ajili ya mama.

Siku hiyo nyumba ilitulia, feni zikazunguka. Alasiri ndipo alipotanabahi kwamba hata ile "Salha, upo?" ya kila mara kutoka chumbani hajaisikia tangu asubuhi. Akaenda kuchungulia. Bi Zuwena alikuwa amempakata Shebe, mdomo wa paka ukifunguka na kufungika bila mlio. Mama akateremsha mtandio, akainua kidevu.

"Nivalishe na mimi, mwanangu," alinong'ona. "Najua nami nakuita mno."