Waya Ulioandikwa A

Vidole vya Apenisa vilikuwa vimeshaushika waya ulioandikwa A wakati simu ilipopokelewa.

"Shikamoo, Mama Saroj. Ni Apenisa, wa hospitali."

"Marahaba. Hospitali ipo, na Apenisa namjua. Miezi kumi na minne, leo ndiyo umenikumbuka?"

Alijua atasemwa. Sarojini Deo ndiye aliyemfundisha kazi hii tangu alipotoka mji mdogo wa Labasa kuja Suva, mji mkuu wa Fiji, hajui hata kuwasha mashine. Siku utawala ulipomwandikia mama huyo barua ya kustaafu, nguvu zake angali nazo, Apenisa aliulizwa kama angeweza kuendesha chumba cha mashine peke yake. Alisema angeweza. Hakuongeza neno la kumtetea. Jumatatu iliyofuata akakalia kiti cha mama huyo.

"Mama, utanisema baadaye. Mashine kubwa inayumba."

Akamweleza mbiombio. Mashine ile, inayobeba kumbukumbu za wagonjwa wote, ilikuwa inafika kwenye diski zake kwa njia mbili, nyaya mbili nyembamba za rangi ya chungwa. Moja ikifa, nyingine inabeba mzigo. Moja ilikuwa imekufa tangu Ijumaa na hakuna aliyegundua, kwa kuwa ya pili iliendelea kubeba kimya kimya. Asubuhi hii ya pili nayo ilianza kukatika na kurudi. Wodini kurasa zilikuwa zinaganda. Na ghorofani, kwenye upasuaji, madaktari wa moyo waliotoka ng'ambo walikuwa wanasubiri orodha yao. Kesho jioni wanapanda ndege.

"Waya mpya ninao mkononi. Nachomoa huu wa A, ndio uliokufa, naweka mpya. Nilitaka tu..."

"Toa mkono."

Akautoa.

"Nani kaandika hiyo A?"

"Mafundi wa kiyoyozi. Walipohamisha kabati la mashine, mwezi wa pili, walibandika herufi upya."

"Kumbe siku hizi fundi kiyoyozi ndiye anayekuonyesha njia za diski! Ukichomoa ulio hai, mashine nzima inalala. Na ikilala hivyo, katikati ya kuandika, kuiamsha ni kazi ya siku nzima. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Jasho lilimtoka ingawa chumba kilikuwa baridi kama friji. Mlangoni mkuu wake, Bwana Tuilevu, alikuwa anakwenda na kurudi, jicho kwenye saa.

"Apenisa, pumzi zako nazisikia huku. Umekula?"

"Roti moja, Mama. Nusu."

"Una bahati. Mimi tangu jana sijatia kitu mdomoni. Haya, nina dakika kumi, usinipotezee."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ilisema jambo kwa upole, kama mtu anayebembeleza. "Ngoja kidogo, binti," Mama Saroj akamjibu. "Hii nayo ni kazi."

Mkwewe huyo, Apenisa aliwaza. Labda wana safari. Aliona aibu kumharibia siku yake mtu ambaye hata siku ya kuagana yeye hakumpa mkono.

"Iambie mashine isome diski moja, mfululizo, bila kuacha. Halafu zunguka nyuma ya kabati uangalie taa. Njia iliyo hai, taa yake itapepesa kama ina wazimu. Iliyokufa itatulia."

Akaandika amri. Akazunguka nyuma, akachuchumaa.

Taa ya waya wa A ilikuwa inapepesa.

"Mama," alisema. "Ulio hai ni A."

"Basi wewe mshukuru Mungu wako, nami nimshukuru wangu. Chomoa B."

Alichomoa huku kafumba macho. Alipoyafumbua, mashine ilikuwa bado inanguruma. Akachomeka waya mpya mpaka ukalia "ta", akarudi kwenye kibodi, akaiambia mashine itafute njia zake upya. Akasubiri. Akajikuna shingo. Kwenye skrini ikajitokeza mistari miwili, yote hai.

"Zote mbili, Mama!"

"Usiruke bado. Ile ya zamani inayoyumba, ifunge kwa amri. Kwa mkono usiiguse. Mzigo wote uhamie kwenye mpya."

Akaifunga. Kurasa za wodini zikaanza kufunguka, moja, halafu nyingine, halafu kwa pamoja. Bwana Tuilevu akaegemea mlango kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Mama Saroj, nataka nikuambie, siku ile ya barua..."

"Leo sina nafasi ya hayo. Orodha ya upasuaji imefunguka?"

"Inafunguka sasa hivi."

"Vizuri. Umefanya vizuri, mwanangu."

Simu ikakatika. Alipiga tena, ikawa imezimwa. Hasira hazijamwisha, alijiambia, na ana haki.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji.

"Kaka, kwetu orodha imerudi, ila naogopa isije ikawa ya jana. Nisomee jina la kwanza hapo kwako, nilinganishe na mgonjwa. Tumeshamlaza hapa."

Apenisa alifungua orodha. Akausoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, akausoma tena.

"Kaka? Upo?"

"Sarojini Deo," alisema. "Miaka hamsini na sita."

"Ndiye huyo. Na mbishi! Simu tumemnyang'anya sasa hivi mlangoni."