Mababu wa Kuazima

Hussam alipanda basi la Peckham, London, akihesabu mababu wa mtu mwingine. Hussam wa Abdi, Abdi wa Guled, Guled wa Samatar, Samatar wa Roble, Roble wa Hersi. Kinyozi mmoja Msomali ndiye aliyemfundisha, akidhani kijana anataka kuposa kwa Wasomali.

Kuposa angalau kungekuwa na heshima. Hussam, mzaliwa wa Unguja, alikuwa anakwenda kusailiwa kwa ajili ya ufadhili wa wachoraji chipukizi wa Kisomali: mwaka mzima wa chumba cha kuchorea, chenye dirisha na mlango wa kufunga. Mpaka siku hiyo alikuwa akichorea jikoni kwa shangazi yake, mtaa wa Thornton Heath, na shangazi, baada ya kukuta rangi ya buluu kwenye sufuria ya wali, alikuwa ameshasema basi. Akikosa leo, anarudi kibarua cha ghala la sandwichi, na brashi zinaingia kabatini.

Pasipoti hawakuomba. Wafadhili ni watu wastaarabu, wanaona kumuuliza mtu pasipoti ni ukoloni. Ukisema wewe Msomali, basi wewe Msomali.

Mlangoni kwa wafadhili alipishana na binti anatoka, macho mekundu, picha kubwa mikononi. Mbweha wawili wanagombania mfupa wa kuku kituo cha basi. Picha nzuri mpaka Hussam akaona wivu.

"Wamenikataa," binti alisema. Jina lake Idil, Msomali kwa baba na mama, kazaliwa hapahapa London. "Wananiuliza mbona hakuna vita. Mbona hakuna bibi analia. Nikawaambia bibi yangu halii, anaangalia mpira."

"Na mwenyekiti wa jopo? Si Msomali mwenzio?"

"Profesa Dalmar? Yeye ndiye mwenye kauli. Nilimsalimia kwa Kisomali, nikamuuliza kwao wapi. Akasema tuzungumze Kiingereza, wenzake wasijione wageni. Halafu akasema kazi yangu haina Usomali."

Hussam alimwonea huruma, kweli kabisa, lakini roho yake ikatulia. Kumbe humo ndani Kisomali hakizungumzwi.

Jopo lilikuwa na Waingereza wawili, na katikati yao Profesa Dalmar, shali begani, bakora mkononi ingawa miguu yake mizima. Hussam akazipanga picha zake: ngamia, jangwa, bibi analia. Ngamia alimtoa kwenye pakiti ya tende. Bibi ni shangazi, siku ya kukata vitunguu.

Mama wa Kiingereza, kajifunga kilemba, akajishika kifua. "Uchungu ulioje," alisema. Mwenzake akavua miwani, akaifuta.

"Tumesikia kila Msomali anaweza kuhesabu mababu zake," mama yule aliendelea. "Tafadhali, tuhesabie."

Profesa Dalmar akainamia kikombe chake cha chai.

Hussam akaanza. Abdi, Guled, Samatar, Roble. Jasho likamtoka, Hersi akapotea, na mdomo ukajaza pengo kwa jina lililokuwa karibu. "Roble wa Makame," akasema.

Makame. Babu yake mwenyewe, wa Kajengwa, Makunduchi, aliyeishi akafa bila kumtia ngamia machoni. Somalia humpati Makame hata umtafute kwa tochi.

Profesa akanyanyua uso, akamtazama kwa muda. Hussam alishaliona ghala la sandwichi, na kile kikofia cha wavu, na vidole vinavyonuka mayai.

"Makame," profesa aliwaambia wenzake taratibu, "ni jina la kale sana la wafugaji, wale wa ndani kabisa. Siku hizi wamebaki wachache. Huyu ndiye Msomali tuliyekuwa tukimtafuta."

Wote wakaandika. Ufadhili akapewa palepale, na mama wa kilemba akamkumbatia kwa nguvu mpaka ngamia akaanguka.

Profesa akasema atamsindikiza mgeni mpaka kwenye ngazi. Mjinga mwenye shahada, Hussam aliwaza, huku akibana kicheko. Mlango ulipojifunga nyuma yao, profesa akatazama juu, akatazama chini, kisha akamshika mkono na kusema kwa Kiswahili safi cha Unguja Kusini:

"Makame yupi huyo, wa Kajengwa au wa Nganani? Maana wa Nganani ni mjomba wangu."

"Wa Kajengwa," Hussam alijibu.

"Mwakani nakutia kwenye jopo," profesa alisema. "Wasomali wakija tena, peke yangu siwawezi."