Injinia wa Jikoni

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimegandia kwenye honi ya treni, na ndege ya baba yake ilikuwa imeshatua.

Alivuta. Honi ikabaki, ngozi ikaondoka. Akaipandisha treni juu ya kabati la vyombo, akaifunika kwa taulo, akatoka mbio huku akinyonya kidole. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, mwenye mvi na kitambi, anaficha treni baba asiione!

Balaa lenyewe alijitakia. Miaka sita nyuma, baba alipomuuliza kwenye simu anafanya kazi gani huko ughaibuni, alijibu kwamba anatengeneza vichwa vya treni. Hakudanganya, alijiambia, alipunguza tu maelezo. Hakutaja kwamba anavitengeneza jikoni siku za mapumziko, kwa bati, nyaya na gundi, na kwamba kirefu kuliko vyote kilikuwa na sentimita thelathini na nne. Wala hakutaja kwamba siku nyingine zote yuko chumba cha chini cha hoteli, anafua, anapiga pasi na kukunja mashuka ya watu.

Angeanzaje kumwambia? Baba alikuwa dereva wa treni miaka thelathini na moja, na mtaa mzima walimwita Mzee Treni. Mtoto wa Mzee Treni afue mashuka? Basi mtaa ukajipatia na Injinia, na Injinia mwenyewe akasalimiwa kwa cheo hicho kwenye simu mpaka akazoea kukiitikia.

Ile ya juu ya kabati ilikuwa treni ya baba. Alikuwa anaiunda mwaka wa tatu sasa, kwa kuangalia picha moja ya zamani: baba amesimama kando yake na sare, kofia imemkaa sawasawa. Kila alipokwama alipiga simu.

"Baba, pale kwa dereva palikuwa na vishikio vingapi?"

"Ah, vingi tu. Wewe si ndiye injinia? Unaniuliza mimi?"

Injinia akaufyata. Lakini ukimgusia baba habari za safari, hamalizi: abiria wa chumba namba sita aliyekoroma mpaka wenzake wakahamia koridoni, bibi harusi aliyelia njia nzima, mzee aliyesahau meno yake kwenye kikombe. Injinia alicheka mpaka salio likaisha, kisha vishikio akavibuni kichwani mwake. Tangu hapo hakuwa na amani. Dereva kama baba akikitupia jicho mara moja tu kile chumba cha dereva, angejua hakuna injinia aliyekigusa, na heshima yote ya miaka sita ingekwenda na maji.

"Injinia wangu!" baba alipaza sauti uwanja wa ndege, watu wakageuka. "Kesho unipeleke kiwandani."

"Kesho wamefunga, baba."

"Keshokutwa?"

"Keshokutwa wanapaka rangi."

"Kiwanda kizima?"

"Kizima."

Asubuhi Injinia aliamka kwenye kochi, shingo imekakamaa, akaenda kumtazama mgeni wake chumbani. Baba alikuwa ameshavaa na kitanda kimeshatandikwa. Shuka limevutwa likanyooka, pembe zimekunjwa kwa mshazari, ncha zimechomekwa chini ya godoro hazionekani. Injinia alisimama mlangoni kinywa wazi. Wiki hiyohiyo msimamizi wake, mama mmoja anayeona kunyanzi akiwa chumba cha pili, alikuwa amemfokea mara mbili kwa ajili ya pembe. Hapa hata yeye asingepata pa kuanzia kufoka.

Nidhamu ya madereva wa zamani hiyo, aliwaza, akajiona mdogo zaidi.

Walikunywa chai jikoni. Baba alikuwa haachi kutazama juu.

"Hilo taulo limekaa ovyo," alisema. "Ngoja nikukunjie."

Kabla Injinia hajameza, taulo lilikuwa mkononi mwa baba, na treni iko wazi: kichwa chake, na nyuma yake behewa moja la kulala alilolipachika kwa wikiendi mbili ili kichwa kisionekane hakina kazi.

"Nani kaunda hii?"

Injinia alitafuta uongo mwingine akakuta umekwisha.

"Mimi, baba. Na kiwanda ndicho hiki, unakunywa chai ndani yake. Kazi yangu ni kufua mashuka hotelini. Nilikudanganya. Niliona haya, wewe dereva, mimi dobi. Nisamehe."

Baba aliliweka chini taulo, tayari limeshakunjwa mara nne, akaishusha treni mezani polepole, akaketi na kuvaa miwani. Injinia alikaza macho kwenye vile vishikio vyake vya kubuni, akingoja hukumu.

Baba alikisogeza pembeni kichwa cha treni kwa kidole kimoja, kama anayeondoa kikopo cha chumvi. Akalivuta behewa. Akafunua paa lake, akachungulia vyumba vidogo kimoja baada ya kingine, na alipoinua uso macho yalikuwa yamemlowa.

"Hapa umekosea, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Kabati la mashuka lilikuwa upande huu, karibu na choo. Miaka thelathini na moja nikitandika vitanda humu, ufunguo wake nilikaa nao mimi."