Ufunguo wa Geti

Tangu afungue ofisi ya kesi za wafanyakazi, Wakili Salha alikuwa na mteja mmoja tu: Mzee Mbaruku, mlinzi aliyefukuzwa kiwandani kwa mdomo, bila barua. Tajiri wake alikana hata kumjua.

Asubuhi moja, Mzee Mbaruku akiwa ameketi ofisini kwa Salha, tajiri mwenyewe akaingia, anahema.

"Mwambie anirudishie ufunguo wa geti. Malori yangu yamekwama nje."

Mzee Mbaruku akatazama dari.

"Huyu si ulisema humjui?" Salha aliuliza.

"Namjua. Miaka kumi na tisa namjua."

Salha akamsogezea karatasi na kalamu. "Basi yaandike hayo, bosi, uweke na sahihi."

Tajiri akashika kalamu. Mzee Mbaruku akautoa ufunguo mfukoni, akaupangusa taratibu kwa shati, kama mtu anayejiandaa kuingia zamu.