Kidonge cha Hodi

Tangu vita, Mwanaheri alikuwa akisikia sauti ya askari aliyemjia mlangoni ikipiga hodi kichwani mwake, usiku na mchana. Zama hizi kidonge hufuta neno moja tu masikioni, nalo mgonjwa hulichagua mwenyewe. Asubuhi hiyo alimeza chake, na sauti ikakatika!

"Ipotelee mbali!" Alipiga kigelegele, akacheza peke yake uani huku pilau ikinukia. Bintiye Zamda, ambaye hawakusemezana naye kwa miaka sita, alikuwa njiani kuja kupatana naye.

Adhuhuri simu ilileta ujumbe wa sauti.

"Mama, nimepiga…" Hapo Mwanaheri akasikia kimya kidogo. "…mara tatu mlangoni, hukuitika. Basi, nimekuelewa. Narudi zangu."