Kidole cha Chuma

Kidole cha chuma kiliingia kwenye ufa bila kulazimishwa, na taa ndogo ya kupimia ikawaka.

"Kimegusa waya," alisema Roswitha.

"Kimegusa kwa sababu umekisukuma," alisema Veit.

"Sijakisukuma, Mzee Veit. Kimeingia chenyewe."

Akarudia. Kidole hicho cha kupimia kilikuwa chembamba kama cha mtoto, na kilipinda pale kinapopinda cha mtoto. Taa ikawaka tena.

Juu ya meza palikuwa na tao la mbao lenye mishumaa saba ya umeme, la kuweka dirishani wakati wa kungoja Krismasi. Huku milimani hakuna nyumba isiyo nalo. Mengine yalikuwa ndani ya maboksi yaliyopangwa hadi mlangoni. Kiangazi kilikuwa cha mvua, mbao zilikatwa mbichi. Sasa joto la karakana limezikausha, na nyuma ya kila tao pamefunguka ufa.

Ndani ya jiko, chuma cha kuchapia kilikuwa kimeiva, herufi zake mbili nyekundu: C na E. Tao lisilo na herufi hizo, alama ya kwamba ni salama, haliuzwi dukani. Jumapili watu wanaanza kuwasha matao yao, na lori lilikuwa uani likinguruma.

"Chapa tu, Bi Roswitha," alisema Veit. "Mtoto gani huyo wa kuchokonoa nyuma ya tao?"

"Mtoto yeyote."

"Babu yangu alitumia mishumaa ya nta. Mapazia yaliungua mara tatu, na sisi tuko hai."

"Na mapazia?"

Veit hakucheka. "Mwaka jana ulichapa."

"Mwaka jana kidole hakikuingia."

"Tukiikosa Krismasi hii, karakana inafungwa. Unajua?"

"Najua."

"Watu sita! Kwa umri huu mimi nani ataniajiri? Nikafuge nyuki?"

"Nyuki watakuuma."

"Kichwa chako kigumu kuliko hizi mbao."

"Afadhali. Hizi zimepasuka."

Roswitha akaenda kwenye jiko akakitoa chuma. Veit akamsogezea tao haraka, upande wa nyuma ukiwa juu. Roswitha akalipita. Akakitumbukiza chuma kwenye ndoo ya maji, akasubiri mvuke uishe, akakining'iniza ukutani. Kisha akavaa kofia, akatoka.

Dereva wa lori, kijana wa kukodiwa ambaye hajawahi kufika pale, aliingia akikung'uta theluji mabegani.

"Napakia, mzee?"

"Hupakii kitu. Yamekataliwa."

"Yote?"

"Yote."

Dereva akachungulia dirishani. Roswitha alikuwa anavuka ua polepole, mikono mifukoni.

"Hawa wakaguzi wa serikali hawana huruma kabisa," alisema. "Huyu wamemtoa wapi, kule mjini Dresden?"

"Hakuna mkaguzi. Serikali haitoi hizo herufi. Anayetengeneza ndiye anayepima, na ndiye anayejichapia."

"Acha utani, mzee. Yule mama je?"

Veit alikuwa ameshaanza kufungua boksi la kwanza.

"Mwenye karakana."